Umatengo: Mbavu za Nguruwe Mwitu Hazitaki Haraka

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Songea kwenda Mbinga, unaelekea magharibi. Safari ni ya kilomita 100 hivi, na barabara ni ya lami. Mwanzoni unaona misitu ya miombo na mabonde mapana. Baadaye barabara inaanza kupanda. Hewa inakuwa baridi. Kama umevaa shati jepesi, utatafuta sweta. Hapo umekwisha kuingia Umatengo.

Umatengo ni nchi ya milima. Imo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Milima hiyo ina kimo cha mita 1,300 hadi 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi inateremka mpaka Ziwa Nyasa. Wenyeji ni Wamatengo. Ni wakulima hodari. Wanalima kahawa ili wapate fedha. Wanalima mahindi na maharage ili wapate chakula. Wengi wanafuga nguruwe, mbuzi na kuku.

Mgeni akitazama miteremko ya Umatengo, kwanza huona mashimo. Mlima mzima umejaa mashimo. Yamepangwa kama sega la nyuki. Mashimo haya huitwa ngoro. Wazee wa Umatengo waliyabuni wenyewe, kabla ya wakoloni kuja. Mkulima hufyeka majani, akayaacha yakauke. Kisha huyapanga kwa mistari mpaka yawe miraba. Halafu huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Pale katikati hubaki shimo. Kando yake huwa matuta. Mazao hupandwa juu ya matuta.

Mvua ikinyesha, maji hutua ndani ya shimo. Hayakimbii kuteremka mlima na kuchukua udongo. Majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Mwezi wa Machi watu hupanda maharage. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, hupanda mahindi.

Kazi ya kuchimba ngoro ni nzito. Kwa hiyo shamba la ngoro ni mali. Anayeliharibu anaharibu jasho la nyumba nzima.

MWIZI WA USIKU

Nilifika katika kijiji kimoja cha Umatengo mwezi wa Juni. Nilikwenda kutazama maharage. Mahindi nayo yalikuwa yamekomaa, yanangoja kuvunwa. Lakini watu hawakuzungumza habari za maharage. Walizungumza habari za nguruwe mwitu.

Nguruwe mwitu si ngiri. Watu wengi huwachanganya. Ngiri hutembea mchana katika nchi ya wazi. Akikimbia, husimamisha mkia wake kama mlingoti. Nguruwe mwitu hujificha vichakani mchana kutwa na kutoka usiku. Ana manyoya mengi ya rangi ya kahawia au nyeusi. Mgongoni ana manyoya marefu meupe. Masikio yake yamechongoka. Mkubwa anaweza kuwa na uzito wa kilo 60, 80, au zaidi.

Hutembea kwa makundi. Kundi moja likiingia shambani, huangusha mahindi, huchimbua viazi na mihogo, na hufukua kwa pua. Katika Umatengo hasara yake ni mara mbili. Kwanza, anakula mazao. Pili, anabomoa matuta ya ngoro. Tuta likibomoka, shimo halishiki maji tena. Mvua ijayo huteremka na udongo.

Kwa sababu hiyo watu hulala shambani. Hujenga dungu, huwasha moto, hupiga debe. Baba analinda leo, kijana analinda kesho. Asubuhi baba amechoka, na kijana anasinzia darasani.

KIBALI KWANZA

Kijiji hicho kilifanya jambo la busara. Serikali ya kijiji iliandika barua kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Ilieleza mashamba yaliyoharibiwa na mahali wanapojificha nguruwe. Baada ya siku chache askari wa wanyamapori alikuja na bunduki. Wanakijiji walimwonyesha kichaka. Walipiga kelele upande mmoja, yeye akakaa upande wa pili. Jike mmoja aliuawa. Wengine walikimbilia mbali.

Ndugu msomaji, jambo hili lieleweke vizuri. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu haruhusiwi kuwinda bila leseni au kibali. Nguruwe mwitu ni mwizi wa mazao, lakini naye yumo katika sheria hiyo. Mitego ya waya ni hatari zaidi. Waya hauchagui. Hunasa mbwa, mbuzi, na hata mtoto. Wakiwa wengi shambani mwenu, toeni taarifa mapema. Msingoje mpaka shamba limekwisha.

Hata nyama yake haichukuliwi hivi hivi. Yule askari aliandika taarifa yake kwanza. Kisha aliruhusu nyama igawanywe. Bwana mifugo wa kata aliitwa kuja kuitazama. Alikata ulimi, moyo na misuli, akaangalia kama kuna vijiba vyeupe. Vijiba hivyo ni dalili ya minyoo ya tegu. Nyama yenye vijiba hailiwi. Safari hii hakuona kitu.

Waislamu wa kijiji hicho nao walikuwa wamelinda mashamba pamoja na wenzao. Wao hawakuchukua nyama. Mzee mmoja alisema, "Fungu langu ni mahindi yangu yaliyobaki." Watu walicheka. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Ndivyo inavyotakiwa.

UBAVU MMOJA KWA WATU WANANE

Nilipokelewa katika nyumba ya bibi mmoja mwenye miaka kama 70. Anaishi na mwanawe, mkamwana wake na wajukuu watano. Pamoja ni watu wanane. Fungu lao la nyama lilikuwa ubavu mmoja, kama kilo tatu. Sehemu kubwa ya uzito huo ni mifupa.

Mjukuu mkubwa, kijana wa miaka 14, aliziangalia mbavu zile akafurahi. "Bibi, tuzichome," alisema. "Dakika chache tu tunakula."

Bibi alizigeuza mbavu mkononi. "Tazama vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Unaona mafuta hapa?"

Kijana alitazama. Mafuta hayakuwapo. Nyama ilikuwa nyekundu sana, na ilishika mfupa kama gome la mti.

Bibi alieleza. Nguruwe wa bandani hula na kulala. Mbavu zake zina utando wa mafuta. Ukizichoma, mafuta hutiririka na kuilainisha nyama. Lakini nguruwe mwitu hutembea usiku kucha. Hupanda mlima na kushuka mlima. Hukimbizwa na mbwa. Hula mizizi anayoichimba mwenyewe. Hana nafasi ya kunenepa. Mbavu zake ukiziweka juu ya moto mkali, nje zinaungua na ndani zinabaki mbichi. Ukiongeza moto, zinakuwa ngumu kama ukanda.

"Mnyama huyu ametembea sana," bibi alisema. "Jikoni apewe muda wa kupumzika."

Hayo ni maneno ya upishi. Lakini ni maneno ya afya pia. Nitaeleza sababu yake.

MNYOO USIOONEKANA

Bwana mifugo anaweza kuviona vijiba vya tegu kwa macho. Lakini nyama ya mwitu inaweza kuwa na mnyoo mwingine, mdogo sana. Huo hauonekani kwa macho. Hukaa ndani ya misuli ya mnyama, umejikunja. Mtu akila nyama isiyoiva, mnyoo huamka tumboni mwake. Unakua na kuzaa. Watoto wake huingia katika damu na kwenda kukaa ndani ya misuli ya mtu.

Mgonjwa huanza kuumwa tumbo na kuharisha. Baadaye hupata homa. Uso huvimba, hasa kuzunguka macho. Misuli huuma, na mwili huwa mchovu. Wengi hudhani ni malaria. Wengine hudhani wamelogwa. Si hivyo. Ni nyama mbichi.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 1961 madaktari walichapisha taarifa ya watu walioupata ugonjwa huo nchini Kenya. Watu hao walikuwa wamekula nyama ya nguruwe mwitu.

Chumvi haiui mnyoo huo kwa hakika. Moshi na jua haviuui kwa hakika. Kwa hiyo nyama ya kubanika juu ya moshi si nyama iliyoiva. Ni lazima ichemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa. Kinachouua mnyoo ni joto linalofika mpaka ndani kabisa, hata penye mfupa.

Sasa unaona jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja. Moto mdogo wa muda mrefu hulainisha nyama ngumu. Moto huo huo huua mnyoo. Mpishi anayefanya haraka hukosa vyote viwili. Anapata nyama ngumu, na anaweza kupata ugonjwa.

JINSI BIBI ALIVYOPIKA

Kwanza bibi na mkamwana wake walinawa mikono kwa maji na sabuni. Mkamwana alikuwa na kidonda kidoleni. Bibi hakumruhusu aishike nyama mbichi. Alimpa kazi ya kumenya vitunguu.

Pili, walitazama mahali ilipopita risasi. Bunduki ilikuwa imempata nguruwe karibu na bega. Nyama ya hapo ilikuwa nyeusi kwa damu. Bibi aliikata yote na kuitupa, kiasi cha kiganja kimoja kuzunguka tundu. Alifanya vizuri. Risasi ikipiga mfupa huacha vipande vidogo vya madini, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Tatu, alitenganisha mbavu mbili mbili kwa kisu. Kisha alizikata kwa shoka safi, kila kipande urefu wa kiganja. Alitoa mabanzi ya mifupa ili yasimchome mtu kooni. Aliziosha, akazipaka chumvi kijiko kimoja na maji ya malimau mawili. Alizifunika na kuziacha mahali pa baridi kwa saa moja.

Nne, aliziweka katika sufuria nzito. Alitia maji mpaka yakazifunika, yakazidi kwa vidole viwili. Aliinjika sufuria juu ya moto mkali mpaka maji yakachemka. Povu la kijivu lilipanda juu. Alilitoa kwa upawa. Mnyama angekuwa dume mzee, angemwaga maji yale ya kwanza na kutia mengine, maana dume mzee hunuka. Jike huyu hakunuka, kwa hiyo supu haikumwagwa.

Tano, alipunguza moto. Alitia kitunguu kimoja, vitunguu saumu na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Alifunika sufuria kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Kuni zake zilikuwa matawi ya mibuni yaliyopogolewa shambani. Jiko lake ni la udongo, la kubana moto. Matawi machache yalitosha kwa kazi yote. Angetumia mafiga matatu mahali penye upepo, kuni zingekwisha mapema.

Maharage yalichemshwa peke yake katika chungu. Yalikuwa yamelowekwa tangu asubuhi. Baada ya saa moja na nusu, maharage yalikuwa yameanza kulainika. Bibi aliyamimina pamoja na mbavu. Alitazama maji. Yalikuwa yamepungua. Aliongeza maji ya moto, si ya baridi. Kisha alifunika tena.

Kijana aliuliza, "Bibi, bado?"

"Bado," bibi alijibu. "Nenda kaandike kazi ya mwalimu. Ukimaliza utaulizia tena."

Ilipita saa moja na nusu nyingine. Ndipo bibi alikaanga kitunguu cha pili katika vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti. Alitia nyanya nne na karoti mbili. Zilipoiva, alizimimina katika sufuria ya mbavu pamoja na chumvi iliyobaki. Nyanya hutiwa mwisho. Ukizitia mapema, maharage hukataa kulainika.

Mwisho alitia kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Alikoroga polepole kwa dakika kumi ili zisiungue chini. Nyama hii haina mafuta yake. Karanga ziliipa mafuta. Mchuzi ukawa mzito.

Kama mtu anapenda nyama ya kuchoma, asikate tamaa. Azichemshe mbavu kwanza, mpaka ziive kabisa. Kisha azipake mafuta na kuziweka juu ya makaa kwa dakika chache. Atapata harufu ya kuchoma bila hatari.

MAJI YA MILIMANI

Mgeni kutoka pwani akipika Umatengo hushangaa. Maji yanachemka upesi, lakini chakula kinachelewa kuiva. Sababu yake ni kimo cha nchi.

Pwani maji huchemka yakifika joto la digrii 100. Kando ya Ziwa Nyasa, penye kimo cha mita 480 hivi, huchemka kwa digrii 98. Ukipanda mpaka mita 1,500, maji huchemka kwa digrii 95. Huwezi kuyafanya yawe na joto zaidi katika sufuria ya kawaida. Hata ukijaza kuni zote jikoni, yatachemka kwa kelele tu na kukauka.

Joto la digrii 95 linatosha kuua minyoo, likiwa limefika mpaka ndani ya nyama. Ila linahitaji muda zaidi kulainisha. Kwa hiyo usihesabu saa za mtu wa pwani. Ipime nyama yenyewe. Shika mfupa wa ubavu kwa kijiko na uma, au kwa vijiti viwili. Uvute. Mfupa ukitoka peke yake na nyama ikabaki, nyama imeiva. Ikate katikati. Isiwe nyekundu wala ya waridi. Maji yanayotoka yawe meupe, si ya damu. Ukiona wekundu, rudisha sufuria motoni.

Mbavu za bibi zilikaa motoni zaidi ya saa tatu. Mfupa wa kwanza alioushika ulitoka mzima.

NDOO YA MAKOMBO

Wakati chakula kinaiva, jambo jingine lilitokea. Yule kijana alikusanya vipande vya nyama mbichi vilivyokatwa, mabanzi ya mifupa na maji ya kuoshea nyama. Alivitia vyote katika ndoo, akaelekea bandani. Huko kulikuwa na nguruwe wawili wa kufugwa. Mmoja ni jike mwenye mimba.

Baba yake alimwita kwa sauti kubwa. "Rudi! Usiwape hiyo!"

Kijana alisimama. Kila siku yeye huwapa nguruwe makombo ya jikoni. Hakujua tofauti.

Tofauti ni hii. Kuna ugonjwa uitwao homa ya nguruwe ya Afrika. Daktari wa mifugo aitwaye Montgomery aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921, nchini Kenya. Ngiri na nguruwe mwitu wanaweza kuwa na virusi vyake mwilini bila kuonyesha dalili. Wanatembea, wanakula, wananenepa kadiri yao. Lakini virusi hivyo vikiingia kwa nguruwe wa kufugwa, hali ni nyingine. Anapata homa kali. Anakataa kula. Ngozi ya masikio na tumbo inakuwa nyekundu au ya zambarau. Baada ya siku chache anakufa. Ugonjwa hauna tiba. Banda zima linaweza kwisha, na banda la jirani pia.

Virusi hivyo haviumizi watu. Ndiyo maana wengi hawavijali. Lakini hukaa muda mrefu katika damu, nyama mbichi na mifupa. Hukaa hata katika nyama ya chumvi na ya moshi. Ndoo moja ya makombo inatosha kuviingiza bandani.

Fikiri juu ya nguruwe yule jike. Mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Yule alikuwa amebakiza wiki mbili. Baba wa nyumba alikuwa amekwisha kupanga. Watoto wa nguruwe wakiuzwa, atanunua sare za shule za watoto watatu na mbolea ya kahawa. Ubavu mmoja wa bure ungeweza kumnyang'anya yote hayo.

Bibi aliposikia alisema, "Chimbeni shimo." Kisha akaniambia, "Bwana Shamba, mwaka 1973 mimi nilikuwa msichana. Kulikuwa na kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Tulikaa kwa vikundi, tukasikiliza, kisha tukachimba vyoo. Tulijifunza kwamba uchafu ukifukiwa vizuri hauwarudii watu."

"Ni kweli, mama," nilimjibu. "Na uchafu huu ukifukiwa hauwarudii nguruwe."

Baba na kijana walichimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja, mbali na banda na mbali na kisima. Walitia makombo mabichi, damu na maji ya kuoshea. Baada ya chakula walitia na mifupa. Walifunika kwa majivu na udongo, wakashindilia. Juu waliweka miiba na mawe ili mbwa wasifukue. Mbwa naye asipewe nyama mbichi ya mwitu. Anaweza kuusambaza ugonjwa, au kupata minyoo.

Kisha walinawa kwa sabuni. Kisu, shoka na ubao viliondolewa damu kwa maji ya moto na sabuni. Baba alibadilisha viatu na shati kabla ya kwenda kuwalisha nguruwe wake jioni ile. Viatu vya porini vina damu na vinaweza kuwa na kupe. Visiingie bandani.

CHAKULA KILIIVA

Tulikula jioni, moto ukiwa katikati, maana Juni ya Umatengo ni ya baridi kali. Kulikuwa na ugali wa mahindi, majani ya maboga, na mbavu zenye maharage na karanga. Nyama ilikuwa laini. Hata bibi, mwenye meno machache, alikula bila taabu. Kilo tatu za mbavu peke yake zisingewashibisha watu tisa. Lakini maharage ya ngoro yaliongeza chakula, na kila mtoto alipata mfupa wenye nyama.

Kijana alisafisha mfupa wake wa mwisho. Nilimwuliza, "Ungependa ile ya dakika chache?"

Alitikisa kichwa akacheka. "Hapana, Bwana Shamba. Ile ingebaki mkononi mpaka asubuhi, bado ninatafuna."

Mchuzi uliobaki ulichemshwa tena asubuhi mpaka ukatokota, ndipo watoto wakapewa kabla ya kwenda shule. Nyama iliyolala isiliwe baridi.

TUKUMBUKE

1. Nguruwe mwitu wakiharibu mashamba, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wa wanyamapori. Usiwinde bila kibali. Usitege waya.

2. Mwite bwana mifugo aitazame nyama kabla ya kugawanywa. Nyama yenye vijiba vyeupe isiliwe.

3. Nyama iliyo karibu na tundu la risasi ikatwe na kufukiwa.

4. Chemsha mbavu polepole, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka mfupa utoke peke yake na wekundu uishe. Milimani ongeza muda.

5. Chumvi, moshi na jua havitoshi. Nyama iliyobanikwa ichemshwe tena.

6. Ukila nyama ya mwitu kisha ukapata homa, uso ukavimba na misuli ikauma, nenda zahanati mapema. Mweleze daktari ulichokula.

7. Makombo mabichi, damu na mifupa vifukiwe katika shimo refu. Usiwape nguruwe wa kufugwa. Nawa, badilisha viatu, ndipo uingie bandani.

8. Nguruwe wa kufugwa wakianza kufa ovyo, usiuze na usihamishe hata mmoja. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, nguruwe mwitu akiingia shambani hutuletea hasara ambayo kila mtu anaiona. Asituletee na hasara nyingine baada ya kufa kwake, jikoni na bandani. Hilo linaweza kuzuiwa kwa moto mdogo, saa tatu za subira, na shimo moja lililochimbwa vizuri.